Fuko bustanini: Sumu yaweza kumfikia mtoto kabla ya fuko

MSOMAJI, ikiwa unaishi Limuru, Kiambu, Ngong, Nyeri, Nakuru au katika mitaa ya Nairobi yenye udongo mwekundu, bila shaka si mara moja umeamka asubuhi ukakuta vilima vya udongo mbichi vimejipanga katikati ya nyasi zako. Jana ulikata nyasi zikapendeza. Leo uwanja umekuwa kama shamba lililoanza kulimwa. Unavisawazisha vilima hivyo, na baada ya siku mbili vinazuka vingine hatua chache kando. Nyasi zinaanza kukauka kwa mistari, na maua uliyoyanunua kwa pesa nyingi kando ya barabara yananyauka kwa kuwa hayana mizizi tena.

Huyo ni fuko, au huko kama anavyoitwa na Wakikuyu. Pengine unashangaa ni kwa nini mnyama wa bustani anaandikwa katika ukurasa huu wa afya. Sababu ni kwamba fuko mwenyewe hana madhara makubwa kwa afya yako. Madhara hutokana na kile ambacho watu hutumia kumwondoa. Mwenye nyumba akishakasirika, jambo la kwanza analolifikiria ni sumu, na sumu ikishaingizwa katika udongo wa nyumbani haichagui kati ya fuko, mbwa na mtoto anayetambaa.

Mjue adui yako

Fuko wa nyanda zetu za juu ni jamii ya panya. Ana manyoya laini ya kahawia au meusi, mkia mfupi, macho madogo sana, na meno makubwa ya mbele yenye rangi ya chungwa ambayo hayafichiki hata akifunga mdomo. Wengi hudhani kwamba ni kipofu, lakini sivyo. Huchimba kwa meno, kisha husukuma udongo nje kwa kichwa, kifua na miguu. Chakula chake ni mizizi, viazi vitamu, mihogo, migomba michanga na hata nyasi za Kikuyu ambazo wengi wetu tumezipanda mbele ya nyumba zetu.

Ni muhimu kumtofautisha na mnyama wa Uingereza na Marekani ambaye hutajwa sana katika vitabu vya bustani vya huko. Huyo hula nyungunyungu na wadudu, wala hapatikani katika nchi yetu. Kwa hivyo ukisoma katika kitabu cha kigeni kwamba unyunyizie dawa ya kuua wadudu katika nyasi ili mnyama huyo akose chakula na kuhama, ushauri huo haukufai. Utakuwa umeua nyungunyungu wanaolainisha udongo wako, umewaachia watoto dawa katika nyasi wanazochezea, na fuko ataendelea kula mizizi bila wasiwasi.

Jambo jingine la kutia maanani ni kwamba fuko wetu huishi peke yake. Kila mmoja ana mtandao wake wa njia za chini kwa chini, na chumba kimoja ambamo hulala na kuweka akiba ya chakula. Vilima kumi katika uwanja wako havimaanishi fuko kumi. Mara nyingi ni fuko mmoja tu, mwenye bidii. (Wale wasio na manyoya wanaopatikana sehemu kame za mashariki na kaskazini mwa nchi ni jamii nyingine. Hao huishi makumi kwa makumi chini ya malkia mmoja, na si rahisi kuwakuta katika bustani za Nairobi.)

Kumbuka hili la upweke wake, kwa sababu ndilo linaloonyesha kwamba sumu haihitajiki. Mnyama mmoja anaweza kunaswa kwa mtego mmoja.

Vidonge vya gesi

Miongoni mwa dawa hatari zaidi ambazo watu huingiza katika mashimo ni vidonge vya aluminiamu fosfaidi. Wakulima wengi wanavijua kwa vile hutumiwa kuua wadudu katika ghala za mahindi. Kidonge kikikutana na unyevu wa udongo au wa hewa, hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo ndiyo inayoua, na hospitali hazina dawa maalumu ya kuivunja nguvu. Madaktari wanachoweza kufanya ni kumsaidia mgonjwa apumue, na kuutunza moyo na mzunguko wa damu hadi mwili ujimudu wenyewe, ikiwa utajimudu.

Msomaji, zingatia yaliyotokea mwezi wa Februari mwaka wa 2010 katika mji wa Layton, jimbo la Utah, huko Marekani. Familia moja ilikuwa inasumbuliwa na panya wachimbao mashimo katika nyasi za nyumbani. Mtaalamu wa kampuni ya kuua wadudu akaitwa, akatia dawa ya aina hii katika mashimo yaliyokuwa karibu na nyumba. Gesi ikapenya hadi ndani. Wasichana wawili wa familia hiyo, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi 15, wakafariki siku chache baina ya mmoja na mwingine.

Tafakari kwamba aliyefanya kazi hiyo hakuwa mchuuzi wa barabarani. Alikuwa mtu wa kazi hiyo, katika nchi yenye sheria nyingi. Mwaka uo huo, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira ilipiga marufuku kutumia dawa hiyo katika mashimo ya wanyama kwenye makazi ya watu. Mahali ambapo bado inaruhusiwa, umbali kutoka kwa jengo lolote lenye watu au mifugo uliongezwa kutoka futi 15 hadi futi 100, yaani kama mita 30. Sasa pima ploti yako. Ni wangapi kati yetu walio na mita 30 kutoka ukutani hadi kwenye ua wa jirani?

Gesi ya fosfini ni nzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hufuata njia za fuko, nyufa za msingi wa nyumba na matundu ya mabomba, kisha hukusanyika karibu na sakafu. Hapo ndipo mtoto mchanga anapolala na kutambaa. Isitoshe, mtoto huvuta pumzi kwa kasi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, na kwa hivyo huvuta sumu nyingi kwa muda mfupi. Wengine husema gesi hiyo ina harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usitegemee pua yako. Kutosikia harufu si dalili kwamba uko salama.

Sumu za chambo

Aina ya pili ni sumu inayochanganywa na kiazi, karoti au mahindi na kuachwa shimoni. Baadhi ni zinki fosfaidi, unga wa rangi ya kijivu au nyeusi ambao ukifika tumboni hutoa gesi ile ile ya fosfini. Nyingine huzuia damu kuganda. Hizi za kuzuia damu huwapumbaza wengi kwa sababu mtoto aliyekula chambo huonekana mzima siku ya kwanza na ya pili, kisha baadaye akaanza kutokwa na damu puani, kwenye ufizi au katika mkojo. Bahati njema ni kwamba sumu hii ina tiba ya vitamini K1 ambayo hutolewa na daktari. Kwa hivyo, mtoto akishukiwa kula chambo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama anacheza.

Kuna pia watu ambao huchukua dawa kali za kuua wadudu shambani na kuzigeuza sumu ya wanyama. Mfano unaojulikana sana nchini ni carbofuran, ambayo iliuzwa kwa jina la Furadan. Ilitumiwa vibaya kuua simba na ndege, hata kampuni ya FMC ya Marekani iliyoitengeneza ikasitisha uuzaji wake nchini Kenya mwaka wa 2009 na kuanza kununua tena akiba iliyokuwa madukani. Dawa za jamii hii hushambulia mishipa ya fahamu. Aliyezila, au aliyezishika kwa mikono mitupu, huanza kutokwa na mate na machozi, hutapika, huharisha, hutoka jasho, mboni za macho huwa ndogo sana, misuli hutetemeka na pumzi hukatika.

Usisahau pia wanyama wanaotusaidia. Mbwa au paka akila fuko aliyekufa kwa sumu, naye anaweza kufa. Bundi vilevile. Wengi wetu humfukuza bundi kwa kudhani analeta nuhusi, kumbe usiku kucha yeye huwinda panya, na fuko pia anapotoka nje ya shimo. Ukimuua bundi kwa sumu, umemfuta kazi askari asiyelipwa mshahara.

Njia za mkato

Baadhi ya watu huunganisha mpira kutoka kwa ekzosi ya gari hadi shimoni ili moshi umuue fuko. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiwa shimo linapita chini ya nyumba au chumba cha mfanyakazi, gesi hiyo itaingia humo bila mtu kutambua. Wengine humwaga petroli na kuwasha kiberiti. Mvuke wa petroli husafiri ndani ya njia za fuko na kulipukia mahali usipopatarajia, na majeraha ya moto yanayofuata hayalingani kabisa na hasara ya nyasi.

Kumwaga maji shimoni hakudhuru afya, lakini mara nyingi ni kupoteza maji tu. Njia za fuko ni ndefu na udongo wetu mwekundu hunyonya maji haraka. Kuna wakulima wanaopanda mtupa kando ya shamba wakiamini kwamba fuko hapendi mizizi yake. Ukitaka kuujaribu, jua kwamba mmea huo ni sumu ya samaki tangu enzi za mababu, kwa hivyo usiupande karibu na kidimbwi au mto, wala usiutegemee peke yake.

Mtego: njia ya wazee wetu

Fuko ana tabia moja ambayo humponza. Hapendi kabisa njia yake iwe wazi. Ukitoboa shimo, hewa na mwanga vikaingia, hurudi kuliziba. Wazee waliichunguza tabia hiyo na kutengeneza mtego ambao hadi leo hutumiwa katika sehemu nyingi za milimani. Unafanywa hivi:

Kwanza, tafuta kilima kilicho kibichi zaidi, chenye udongo wenye unyevu. Kilima kikavu huenda ni cha wiki jana na fuko amehama upande huo. Chimba taratibu kwa jembe au panga hadi uipate njia yenyewe. Mara nyingi njia za kutafutia chakula haziko mbali na mizizi ya nyasi.

Pili, safisha mdomo wa njia hiyo pande zote mbili, kwa maana hujui fuko yuko upande gani. Ni vyema kutega kotekote.

Tatu, chomeka ufito imara unaopindika karibu na shimo. Funga kwenye ncha yake kitanzi cha waya mwembamba, na ukiweke kitanzi hicho ndani ya njia kikiwa kimegusa kuta zake. Mbele yake pitisha uzi unaoushikilia ufito uliopindwa. Uzi ukatize njia katikati.

Nne, funika sehemu ya juu kwa majani na udongo ili mwanga usiingie mwingi, kisha ondoka. Fuko akija na udongo wake kuziba, atakutana na uzi, ataukata kwa meno yale makali, ufito utafyatuka, na kitanzi kitamkaza.

Ukague mtego asubuhi na jioni. Usimwache mnyama aliyenaswa akiteseka. Wakati wote mtego ukiwa umetegwa, weka uzio mdogo au ndoo iliyofunikwa juu yake ili mtoto asiingize mkono, na umweleze yaya na kila aliye nyumbani mahali ulipo.

Kama huna ujuzi huo, wapo watu wanaoifanya kazi hii na kulipwa kwa kila fuko waliyemnasa. Kabla ya kupatana bei, muulize swali moja: "Unatumia mtego au dawa?" Akikwambia ana dawa yake ya siri kwenye chupa ya soda au karatasi isiyo na maandishi, mshukuru na umfungulie lango aende zake. Sheria ya Kenya inataka dawa za aina hii zisajiliwe na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu Waharibifu (PCPB), na ziuzwe katika pakiti yenye maelezo. Dawa isiyo na maelezo ni dawa ambayo hata daktari hataweza kuitambua mtoto wako akifikishwa kwake.

Baada ya kumnasa

Vaa glavu unapomtoa. Fuko aliye hai ana meno yanayoweza kupenya kidole. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa kama robo saa, kisha uende kwenye zahanati uangaliwe ikiwa unahitaji chanjo ya pepopunda. Jeraha lililoingia udongo si la kupuuzwa. Mzike fuko aliyekufa kwenye shimo refu ambalo mbwa hatalifukua, na unawe mikono vizuri.

Kisha ziba njia zote kwa kushindilia udongo na mawe. Usipofanya hivyo, fuko mwingine kutoka kwa jirani atahamia katika nyumba iliyo tayari. Ndiyo maana ni busara kuzungumza na majirani mkatega pamoja wiki moja. Wewe kutega peke yako huku ploti ya pili ikiwa na vilima ishirini ni kujitwika kazi isiyokwisha.

Kwa wanaopanga kuotesha nyasi mpya au kupanda maua ya thamani, tandazeni wavu wa chuma wenye matundu madogo chini ya udongo na kuupandisha kandokando ya kitalu. Ni gharama ya mara moja. Aidha, usipande viazi vitamu au nyasi ndefu za ng'ombe kando ya uwanja wa kuchezea watoto, kwani hiyo ni sawa na kumwandalia fuko meza.

Wakati huo huo, sawazisha vilima mapema. Wazee na watoto huteguka vifundo vya miguu kwa kukanyaga mahali palipochimbwa chini. Na anayekata nyasi kwa mashine avae viatu vizito na miwani, kwa sababu kisu cha mashine kikigonga kilima hurusha mawe kwa kasi.

Sumu ikiwa imeshaingia

Ukirudi nyumbani ukute mtu ameshatia vidonge vya gesi katika mashimo yaliyo karibu na nyumba, usimwage maji juu yake, kwa maana maji huongeza gesi. Usijaribu kuvifukua mwenyewe pia. Toeni watu wote na wanyama nje, mkae mbali na upande ambao upepo unaelekea, na muwaite wazima moto au wataalamu wenye vifaa. Msirudi kulala humo usiku huo.

Mtu akilalamikia kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kikohozi au kubanwa kifua baada ya dawa kutiwa bustanini, usidhani ni homa au chakula kibaya. Na ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaugua kwa wakati mmoja, ondokeni nyumbani kwanza, maswali yaje baadaye. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mayai mabichi, mafuta wala mafuta ya taa, ingawa wengi wetu tulifunzwa hivyo nyumbani. Vitu hivyo havivunji nguvu za sumu, na vinaweza kuingia mapafuni au kuisaidia sumu kusambaa. Kama dawa imemmwagikia, mvue nguo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Beba pakiti ya dawa umwonyeshe daktari. Na kama amemeza fosfaidi, fungua madirisha ya gari mkiwa njiani, kwa sababu matapishi yake yanaweza kutoa gesi hiyo hiyo.

Msomaji, fuko akila nyasi, nyasi zitaota tena msimu ujao wa mvua. Kabla hujamlipa mtu yeyote kuingia bustanini mwako wiki hii, muulize amebeba nini mfukoni. Kisha nenda katika stoo yako mwenyewe, chini ya sinki na juu ya kabati, uangalie kama kuna kidonge au unga uliosahaulika tangu msimu wa mahindi uliopita. Ukikipata chochote kisicho na maandishi, kifungie mbali na watoto, usikimwage chooni wala mferejini, na uulize ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe jinsi ya kukiondoa salama.